Maudhi ya dawa za TB: jinsi ya kuyakabili bila kukatisha dozi

Maswali ni yaleyale kila mwezi. Mkojo umekuwa mwekundu, ni damu? Nikitapika nimeze tena? Magoti yameanza kuuma wiki ya tatu, TB imeingia kwenye mifupa? Kikohozi kimekwisha na dawa zinanichosha, nipumzike kidogo? Mwongozo huu umeandikwa kwa anayemeza dawa za TB ya kawaida kwa miezi 6, na kwa mtu wa nyumbani anayemsimamia. TB sugu ina dawa nyingine na maudhi mengine. Imeguswa kwa ufupi mwishoni.

Lishike moja kabla ya yote: maudhi mengi ya dawa hizi yanatulizwa huku ukiendelea kumeza. Machache yanataka usimamishe dawa siku hiyohiyo na kwenda kliniki. Kazi yako ni kuyatofautisha. Anayeacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu na anayeendelea kumeza huku macho yamekuwa ya njano wamekosea wote wawili, na wa pili anaweza kufa haraka zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi yako ya matibabu, yenye uzito wako na idadi ya vidonge.
- Namba ya simu ya kliniki ya TB au ya mhudumu wa afya wa mtaa wako. Mpe pia msimamizi wako, kwani siku utakayozidiwa si wewe utakayepiga.
- Daftari dogo na kalamu: tarehe, saa uliyomeza, ulichohisi.
- Kioo na mahali penye mwanga wa jua, kwa ajili ya kutazama macho.
- Ukurasa mmoja wa gazeti au kitabu utakaoutumia kila wiki kupima macho. Usiubadilishe.
- Orodha ya dawa zote nyingine unazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Hatua kwa hatua

1. Jua unachomeza. Miezi 2 ya kwanza kila kidonge kimebeba dawa nne: rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Miezi 4 inayofuata hubaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Idadi inafuata uzito: mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 kwa kawaida humeza vidonge 3, wa kilo 55 hadi 70 humeza 4, vyote kwa mkupuo mmoja kwa siku. Ukinenepa au kukonda ukavuka mpaka huo, idadi hubadilishwa, kwa hiyo usikubali kutoka kliniki bila kupimwa uzito.

Kwa kuwa dawa zote zimo ndani ya kidonge kimoja, huwezi kuacha “ile inayonisumbua” peke yako. Kupunguza vidonge ni kupunguza dawa zote nne, na hiyo ndiyo njia fupi ya kuwafundisha vijidudu usugu.

2. Sema kila kitu kliniki siku ya kwanza. Rifampisini hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi hupungua nguvu, kwa hiyo omba kondomu, kitanzi au sindano ya miezi mitatu, na usivitegemee vidonge au kijiti hadi wiki 4 baada ya kumaliza rifampisini. Anayetumia ARV yenye dolutegravir huongezewa kidonge cha miligramu 50 ili aipate dawa hiyo mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na nyongeza hiyo huendelea wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Dawa za kisukari kama glibenklamidi, dawa ya kuyeyusha damu ya warfarini, methadoni, hata dawa mseto ya malaria, zote zinaguswa. Taja pia kama umewahi kuugua ini, kama una tatizo la figo, ujauzito, kifafa, na pombe. Kuhusu pombe taja kiasi cha kweli. Hakuna anayekuandikia faini.

3. Chagua saa moja na uishikilie. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Wengi hupanga alfajiri, kisha chai baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zipishane na dozi kwa angalau saa 2, maana hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Ukisahau asubuhi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, meza dozi ya kesho tu. Usirundike mbili.

4. Izoee rangi. Rifampisini hupaka mkojo, jasho, mate na machozi rangi ya chungwa au nyekundu. Si damu. Huonekana zaidi saa chache baada ya kumeza, kisha hufifia kuelekea jioni. Kola ya shati jeupe na kwapa za kanzu zitapata doa, kwa hiyo miezi hii vaa nguo ambazo hutazionea uchungu. Lenzi laini za macho huharibika kabisa; rudi kwenye miwani. Mwambie na mwenzako wa chumbani mapema, maana choo cha pamoja kimezua ugomvi na umbea usio na sababu.

Tofauti ya kujua ni hii: mkojo wa rifampisini unafanana na soda ya chungwa na hufifia. Mkojo wa ini lililoumia ni mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, hukaa hivyo mchana kutwa, na hauji peke yake. Soma hatua ya 10.

5. Kichefuchefu na tumbo. Haya ndiyo malalamiko makubwa ya wiki za mwanzo. Fuata mpangilio huu:

a) Kwanza meza pamoja na chakula kidogo: uji, kipande cha kiazi, mkate mkavu. Chakula hupunguza kidogo uingiaji wa dawa, lakini dozi iliyoingia pungufu kidogo ni bora kuliko dozi iliyotapikwa.

b) Ikishindikana, hamishia dozi usiku unapokwenda kulala. Vidonge vyote vya siku hiyo vimeze kwa mkupuo, usivigawe asubuhi na jioni.

c) Ikishindikana tena, kliniki inaweza kukupa dawa ya kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, ya kumeza nusu saa kabla.

Ukitapika ndani ya nusu saa na ukaviona vidonge, piga simu uulize kama urudie. Ukitapika baada ya saa moja, usirudie. Kutapika kusikokoma, au kunakoanza ghafla baada ya wiki kadhaa za amani, si jambo la tumbo. Lihesabu kuwa ni la ini mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

6. Maumivu ya viungo. Mwenye kosa hapa ni pirazinamidi, ambayo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, taka ya mwili inayoumiza viungo ikizidi. Magoti, vifundo vya miguu, mabega na vidole huuma, hasa asubuhi. Kunywa maji ya kutosha, tembea, na ukihitaji meza parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi mara 3 kwa siku, kwa siku chache. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi, lakini haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito, kwa hiyo uliza kwanza. Pirazinamidi huondoka mwisho wa mwezi wa 2, na maumivu huondoka nayo. Kiungo kimoja kilichovimba, chekundu na cha moto ni habari nyingine, nenda kikaonwe.

7. Ganzi na miguu kuwaka moto. Isoniazidi huupunguzia mwili vitamini B6, na mishipa ya fahamu hulalamika kuanzia nyayoni: kuchomachoma kama sindano, ganzi, kuhisi umevaa soksi wakati hujavaa. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, wanaonyonyesha, wenye VVU, kisukari au figo dhaifu, wanywaji pombe na waliokonda sana. Hao wanapaswa kupewa piridoksini, yaani vitamini B6, tangu siku ya kwanza, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku. Kama uko kwenye orodha hiyo na hujapewa, iombe. Ganzi ikishaanza, daktari huongeza hadi miligramu 50 au 100.

Usikimbilie kununua B-kompleksi. Nyingi zina B6 kidogo mno kwa kazi hii. Na usingoje: ganzi ya wiki moja hurudi nyuma kwa urahisi, ya miezi mitatu hung'ang'ania.

8. Pima macho kila wiki. Ethambutoli inaweza kuuumiza mshipa wa jicho. Si jambo la kawaida kwa dozi sahihi, lakini mwenye figo mbovu yuko hatarini zaidi, kwa sababu dawa hubaki mwilini. Kila Jumapili, ukiwa mahali palepale penye mwanga, ziba jicho moja na usome ule ukurasa kwa umbali wa mkono ulionyooka. Kisha jicho la pili. Halafu weka nyanya nyekundu na pilipili hoho ya kijani, uzitazame kwa kila jicho peke yake. Maandishi yakiwa na ukungu kuliko wiki iliyopita, au nyekundu na kijani zikianza kuchanganyikana, simamisha dawa na uende kliniki siku hiyo. Ethambutoli itaondolewa na nyingine zitapangwa upya. Ikigunduliwa mapema, macho kwa kawaida hurudi. Ukichelewa yanaweza yasirudi.

Mtoto mdogo hawezi kukueleza. Mwangalie kama anagonga vitu, anakosea kushika kikombe, au anasogeza picha karibu mno na uso.

9. Ngozi. Kuwasha bila vipele: endelea na dawa, omba dawa ya mzio kama setirizini, paka mafuta ya kawaida, acha sabuni kali. Vipele vikitokea, acha dawa zote na ukaonwe. Vipele pamoja na homa, malengelenge, ngozi kubanduka, au vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri ni dharura ya hospitali, usiku au mchana. Madoa madogo mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, au fizi zinazotoa damu, yana maana kwamba chembe za kugandisha damu zimeshuka. Rifampisini ikithibitika kuwa chanzo, mgonjwa huyo hapewi tena maisha yake yote. Sema hivyo kila utakapotibiwa.

10. Linda ini. Dawa tatu kati ya nne zinaweza kuliumiza: pirazinamidi, isoniazidi na rifampisini. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu dalili za mwanzo zinafanana na uchovu wa kawaida. Zifuate kwa mpangilio: hamu ya chakula inakwisha ghafla, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, mkojo mweusi, kinyesi cheupe, na mwisho macho ya njano. Ukingoja macho yawe ya njano umechelewa.

Kila asubuhi nenda na kioo kwenye mwanga wa jua, vuta chini kigubiko cha jicho, tazama weupe. Taa ya njano ya chumbani itakudanganya. Kumbuka pia kwamba rifampisini hupaka machozi tu. Weupe wa jicho ukiwa wa njano, usiisingizie.

Pombe iache kabisa kwa miezi yote 6. Swali la “bia moja Jumamosi” jibu lake ni hapana. Mitishamba ya “kusafisha ini” au “kusafisha damu” iache pia. Daktari hawezi kujua kilichomo, na ini nalo haliwezi.

Samaki, hasa kwa watu wa pwani

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Isoniazidi huzuia vimeng'enya vinavyovunja histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na samaki kama jodari na vibua wakikaa bila barafu hujaa histamini. Mgonjwa anakula, na ndani ya saa moja au mbili uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha. Wengi husema dawa zimemkataa. Si dawa peke yake, ni dawa na samaki. Kupika hakuondoi histamini. Kula samaki aliyevuliwa leo, au chagua aina nyingine. Jibini iliyokomaa nayo huleta shida inayofanana. Wali, maharage, mayai na mboga havina tatizo.

Acha dawa leo na uende kituo cha afya ukiona haya

- Macho au ngozi ya njano, au mkojo mweusi pamoja na kutapika.
- Kuona ukungu au kuchanganya rangi.
- Vipele, malengelenge, vidonda mdomoni.
- Madoa ya damu chini ya ngozi, au damu puani na kwenye fizi.
- Mkojo kupungua sana au kukatika.
- Kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, degedege.
- Uso kuvimba, kupumua kwa shida, kuzirai.

Nenda na pakiti za dawa, kadi na daftari. Usiishie kuacha dawa na kulala nyumbani. Kama ni ini, hospitali itapima damu, itasubiri vipimo vishuke na dalili ziishe, kisha itarudisha dawa moja moja, kwa kawaida ikianza na rifampisini, halafu isoniazidi siku chache baadaye. Pirazinamidi mara nyingi hairudishwi, na hapo matibabu huweza kurefuka hadi miezi 9. Inachosha, lakini ndiyo njia ya kumjua mkosaji.

Makosa yanayojirudia

Kupumzika siku mbili tatu ili mwili upate nguvu. Rifampisini inayomezwa kwa kurukaruka huleta homa na maumivu kama mafua, na huongeza hatari ya kushusha chembe za damu na kuumiza figo. Pumziko lenyewe ndilo linaloleta maudhi mapya.

Kuacha mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimekwisha. Vijidudu vilivyolala bado vipo. Miezi 4 ya mwisho ni kwa ajili yao.

Kumwaga vidonge kwenye kopo. Unyevu na mwanga huviharibu. Viache kwenye pakiti, mahali pakavu, mbali na watoto: isoniazidi nyingi kwa mtoto huleta degedege, na tiba yake ni B6 nyingi hospitalini. Mtoto akimeza, mpeleke hapohapo, usimpe maziwa ukangoja.

Mjamzito au anayenyonyesha kuacha kwa hofu. Dawa hizi nne hutumika katika ujauzito na kunyonyesha, pamoja na B6. TB isiyotibiwa ni hatari zaidi kwa mama na mtoto.

Ukikwama

*Mkojo umeacha kuwa wa chungwa.* Angalia saa. Jioni ni kawaida. Kama haubadiliki hata saa tatu baada ya kumeza, piga simu kliniki na upeleke pakiti ikakaguliwe.

*Nasinzia mchana.* Isoniazidi inaweza kusababisha. Hamishia dozi usiku. Ukikosa usingizi, ifanye kinyume.

*Nina VVU, nimeanza ARV wiki iliyopita na TB inaonekana kuzidi: homa, matezi yamevimba.* Huenda kinga inaamka na kupambana. Usiache ARV wala dawa za TB; nenda uonwe, kwa sababu daktari lazima aondoe uwezekano wa mambo mengine.

*Ramadhani imefika.* Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Ukiamua kufunga na daktari hajakukataza, dozi moja ya siku inatosha wakati wa daku, kila usiku saa ileile, na maji mengi kati ya futari na daku kwa ajili ya viungo.

*Nesi amesema “vumilia” na hali inazidi.* Uliza jina la mratibu wa TB wa wilaya, au nenda hospitali ya wilaya na daftari lako. Tarehe na saa zilizoandikwa husikilizwa kuliko “najisikia vibaya”. Madhara ya dawa pia huripotiwa: Tanzania kwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mwombe mtoa huduma aijaze fomu.

*Nina TB sugu, haya yananihusu?* Kwa sehemu tu. Linezolidi huleta upungufu wa damu, ganzi na shida ya macho, kwa hiyo vipimo vya damu ni vya lazima. Bedakuilini na moksifloksasini zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo sababu unapimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo; ukizirai au moyo ukipiga hovyo, nenda mara moja. Klofazimini hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi, na rangi hurudi polepole baada ya dawa kwisha. Sindano za kanamisini, zilizoharibu masikio ya wengi, hazipendekezwi tena na Shirika la Afya Duniani. Ukipangiwa sindano hiyo leo, omba maelezo kabla ya kuchomwa.